Kifae au Kife

Kosa lilikuwa ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, mstari wa tisa, na Bi Nukta aliliona kabla hajafika mstari wa saba. Macho ya msoma prufu ndivyo yalivyo, hukimbilia kidonda kama nzi. Aliweka chini kalamu nyekundu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Neno lilikuwa pale pale.

"Chama kife, mabaraza yatawale."

Jina la Bi Nukta alipewa na wenzake wa shirika la uchapishaji kwa sababu hakuwa na huruma na sentensi ndefu. Mwandishi akija na sentensi inayopanda mlima na kushuka bondeni, yeye huikata kwa nukta tatu, akamrudishia mwenyewe vipande vyake. Kwa miaka thelathini alikuwa akisoma makosa ya watu: vitabu vya hesabu, vya kilimo, diwani za mashairi, ratiba, hata kadi za mialiko. Hakuna kosa lililowahi kumpita, na jambo hilo alilisema mwenyewe bila haya kwa yeyote aliyeuliza, na kwa wengi ambao hawakuuliza. Sasa hili la mstari wa tisa lilikuwa lake. Alilifanya kwa vidole vyake mwenyewe miaka thelathini na moja iliyopita, kabla hajaanza kazi hapo, na tangu siku hiyo hakumwambia mtu.

Kitabu chenyewe kilikuwa kamusi ya maneno ya siasa, ya wanafunzi wa vyuo, na aliyekiandika alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Huyu kaka watu walimwita Mstari. Wengine walidhani ni kwa vile anatembea wima kama aliyemeza fimbo ya pazia. Wenye kujua walijua ni kwa ajili ya mstari wa chama, ambao hakuuacha hata pale chama chenyewe kilipouacha. Alikuwa mwalimu wa itikadi katika chuo cha chama mpaka chuo kilipogeuzwa kuwa duka la samani. Sasa alikuwa mstaafu, amefiwa na mke, na kamusi hii ndiyo kazi yake ya mwisho. "Nikimaliza hii," alisema, "Mungu, kama yupo, anichukue."

Shirika lilimpa Bi Nukta prufu hizo, kurasa za majaribio za kabla ya kuchapa, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumvumilia mwandishi. Na kumvumilia kulikuwa kazi. Alipolikuta neno Mapinduzi limeelezwa kwa maana moja tu, ile ya wafanyakazi kuuangusha utawala wa mabwana, alimwandikia pembeni: "Na maana ya pili, ya wanajeshi wachache kuamka alfajiri wakachukua redio?" Jibu likarudi kwa wino wa kijani: "Maana hiyo hutumiwa na maadui." Bi Nukta akaandika chini yake: "Hutumiwa na watu wote." Walilumbana wiki nzima kwa vikaratasi, mtu na kaka yake, mpaka maana ya pili ikaingia, tena kwa herufi ndogo.

Zaidi ya theluthi ya kamusi ilihusu Wakomunisti na jinsi walivyoachana. Mhariri mkuu, mtu mpole aliyetoka idara ya vitabu vya mapishi, alimjia siku moja akiwa ameshika kichwa. Alitaka kujua watu wanaotaka kitu kimoja wanagombania nini.

"Wote wanasema nyumba ni ya walioijenga," Bi Nukta alimwambia. "Hapo hawana ugomvi. Ugomvi ni ufunguo. Walenini wanasema waliojenga wamechoka na wengi wao hawajaona ramani, kwa hiyo ufunguo ukae na chama, chama kitangulie mbele. Wastalini wakaongeza kwamba nyumba hii moja izungushiwe ukuta kwanza, na anayeuliza ufunguo uko wapi huyo ni mpelelezi. Watrotski wanasema nyumba moja haitasimama kama mtaa mzima bado ni wa mabwana, mapinduzi lazima yaendelee mlango hadi mlango, na hao washika ufunguo wenu wameshageuka makarani wanaojilisha wenyewe."

"Wamao?"

"Wamao wanasema mmesahau kwamba watu wengi hawako nyumbani, wako shambani, na hao ndio jeshi. Halafu hata mkishaingia, mshika ufunguo atikiswe kila baada ya muda, maana ubwana humrudia mtu kama homa. Wa sanduku la kura wanasema jamani, ya nini kuvunja mlango, twendeni tukauombe ufunguo kwa sheria, polepole."

"Na hawa wa mwisho?"

"Hawa ni watu wa mabaraza. Wanasema kila aliyejenga awe na ufunguo wake, wakae barazani waamue wenyewe. Chama kinachokushikia ufunguo kwa niaba yako, hicho ni mwenye nyumba mpya."

"Na wewe uko wapi?"

"Mimi nasoma prufu."

Mhariri mkuu aliondoka ameridhika. Yeye hakuwa amegundua jambo ambalo Bi Nukta aliligundua kurasa hamsini za mwanzo: kwamba Mstari, mwisho wa kila kidahizo, yaani neno linaloelezwa, kilichohusu kundi lisilo lake, ameandika "tazama MKENGEUKO". Ukienda kwenye Mkengeuko unaambiwa ni kuacha mstari. Ukienda kwenye Mstari unakuta kurasa nne.

Watu wa mabaraza walikuwa na nusu ukurasa tu, na katika hiyo nusu kulikuwa na aya moja ya mfano wa hapa nchini. Fundi mmoja wa kiwanda cha nguo, ilisema aya, alitoa kipeperushi chenye maneno "Chama kife, mabaraza yatawale", akafukuzwa chamani. Tazama Mkengeuko.

Huyo fundi mmoja alikuwa mume wa Bi Nukta.

Ilikuwa hivi. Kiwanda kilikimbiwa na meneja wake, na kwa wiki kumi na moja wafanyakazi wakakiendesha wenyewe. Kila idara ilichagua watu wawili, na hao wakakutana kila Jumatatu kwenye mabenchi ya kantini kuamua mambo ya zamu, nyuzi, nani apumzike na mashine ipi itangulie kutengenezwa. Fundi ndiye aliyekuwa akitengeneza mitambo ya kufuma. Wiki ya kumi na mbili chama kikatuma meneja wake, mtu mwenye mkoba mzuri. Fundi alikuwa mwanachama mwaminifu, kadi haikumtoka mfukoni mwa shati. Akakaa akaandika ukurasa mmoja wa kuwashauri wenzake, kwa mwandiko wa fundi, kila herufi imesimama peke yake. Akaupeleka ofisi ya tawi upigwe taipu kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia.

Mpiga taipu wa tawi alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mdogo wake katibu. Katibu alikuwa Mstari, kabla hajawa mwalimu wa chuo. Msichana alikuwa na haraka siku ile, maana alikuwa na viatu vipya na mahali pa kuvipeleka. Fundi alikuwa ameandika: "Chama kifae, mabaraza yatawale." Kifae, yaani kiwe na faida kwa watu. Msichana akapiga kife. Kati ya kufaa na kufa, sisi wenye lugha hii tunajua, kuna herufi moja tu, na herufi hiyo ilibaki hewani. Nakala mia nne zikadurufiwa, na asubuhi yake zikawa mikononi mwa watu getini.

Siku zile neno kama hilo halikuwa mchezo. Kuna mtu alihamishwa idara kwa kukohoa katikati ya hotuba. Kikao kikaitishwa siku ya tatu, na mjumbe mmoja akaomba uletwe mwandiko wa asili. Msichana alisimama akasema hauonekani, labda umezolewa na takataka. Alikuwa ameuchoma jikoni kwake asubuhi ile ile, akauangalia mpaka ukawa majivu, ndipo akaenda kazini. Fundi akaulizwa kama neno ni lake, akajibu ni lake. Mikono ikanyanyuliwa, na wa katibu ukiwemo. Chama kikamfukuza Jumatano, kiwanda nacho kikamtoa Ijumaa.

Mwaka uliofuata yule msichana akaolewa naye. Watu walisema amependa msimamo wake. Mstari hakuhudhuria harusi na hakukanyaga nyumba ile tena. Yeye na mdogo wake walikutana kwa mama yao, na mama alipofariki wakakutana kwa prufu. Akimtaja shemeji yake alisema "yule". Fundi naye akimtaja alisema "Ofisi", kiasi kwamba binti yao mmoja alikua akidhani mjomba wake ni jengo.

Na Fundi akawa mtu wa mabaraza kweli kweli. Alifungua karakana ya cherehani chumba cha nyuma, na kati ya cherehani moja na nyingine akasoma, akaandika, akabishana na wateja. Hoja yake ilikuwa kwamba chama chochote, hata kilicho kizuri, kikishazaliwa kwa kazi ya kukomboa watu hakitaki kazi hiyo iishe, kwa hiyo hakina budi kufa. Alisema hivyo akila, akinyoa, akipanga misumari. Kila alipolitamka lile neno, Bi Nukta aliacha alichokuwa akifanya. Alikuwa akiona aibu na akiogopa, vyote pamoja. Aliogopa kwamba mume wake amejenga maisha yake juu ya herufi aliyoidondosha yeye, na kwamba mwenyewe ameshasahau alichoandika.

Sasa mambo yalikuwa yamefika shingoni. Prufu zilitakiwa Jumatatu, na ukurasa wa mwisho kulikuwa na nafasi ya sahihi yake chini ya maneno: "Nimesoma. Hakuna kosa." Hakuwahi kuyatilia sahihi maneno hayo kwa uongo. Kurekebisha kimyakimya hakukuwezekana, kwa kuwa Mstari alipitia kila alama nyekundu kwa wino wake wa kijani. Alhamisi asubuhi akaandika kikaratasi, kama ambavyo angemwandikia mwandishi yeyote: "Uk. 214, mst. 9. Si kife, ni kifae. Kosa la mpiga taipu." Akakitia kwenye mkoba, akaenda kwa kaka yake.

Mstari aliishi chumba kimoja chenye kitanda chembamba na karatasi nyingi kuliko hewa. Alihamisha rundo moja kutoka kwenye kiti ili mdogo wake akae. Akakisoma kikaratasi, akakigeuza nyuma kana kwamba kuna maelezo zaidi, akakisoma tena.

"Mpiga taipu gani?"

"Unamjua."

Mstari akakilaza kikaratasi juu ya faili. "Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, kaka?"

"Kwamba neno si lake. Sentensi ya pili ya kile kipeperushi unaikumbuka?"

Bi Nukta aliikumbuka. Ilisema: "Pale chama kinapolegea, tukikaze."

"Sasa mtu akishasema kife, atakaza nini? Maiti haikazwi skrubu. Nilimuuliza kikaoni mara tatu: neno hili ni lako? Mara tatu, mdogo wangu, iko kwenye muhtasari na uliuandika wewe. Nilimfungulia mlango mpaka bawaba zikalia. Yeye anajibu ni langu, ni langu, ni langu. Mbishi kama nyumbu."

"Mbona hukusema wewe mwenyewe?"

"Niseme ni kosa la taipu? Swali linalofuata ni nani alipiga taipu. Linalofuata hilo ni kwa nini mwandiko umepotea. Siku zile haikuitwa kosa, iliitwa hujuma. Na mhujumu angekuwa nani? Mdogo wake katibu." Alisema yote hayo bila kupandisha sauti, kama anayesoma ajenda. "Nikanyanyua mkono."

Bi Nukta aliufungua mkoba, akaufunga. Alikuwa amekuja kuungama, na alichoungama kilikuwa kimewekwa kwenye faili miaka yote.

"Basi turekebishe," alisema.

Mstari akachukua kalamu ya kijani, akainama juu ya ukurasa. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

"Tukirekebisha, inasomeka chama kifae, mabaraza yatawale. Hilo si mkengeuko. Kifae ni kifungu cha kwanza cha katiba yetu. Mabaraza yatawale, Lenini mwenyewe alilisema kabla hajakaa ofisini. Kwa hiyo yule hakuwa na kosa, alikuwa mwanachama wa kawaida aliyefukuzwa bure. Hawezi kuwa mfano wa watu wa mabaraza. Nafuta aya. Tena bila aya hiyo kidahizo hakina maana hapa nchini, maana yule alikuwa peke yake. Nafuta kidahizo chote."

"Chote?"

"Hii ni kamusi ya itikadi. Si ya makosa ya taipu."

"Huwezi hata kuandika kwamba mpiga taipu alikosea?"

"Mpiga taipu si itikadi."

"Kitabu kizima cha wafanyakazi," alisema Bi Nukta, "na mfanyakazi hana mahali."

"Huo utani ni wa mume wako." Mstari akaifunga kalamu. "Muulize yeye. Akisema kifae, nafuta. Akisema kife, nabakiza. Mimi namnukuu mtu, siinukuu mashine."

Alirudi nyumbani mchana kabla ya saa zake. Fundi alikuwa karakana, cherehani ya mtu iko mezani imefunuliwa tumbo. Bi Nukta alisimama mlangoni, akasema yote kwa pumzi moja, kwa sentensi ndefu isiyo na nukta hata moja, ya viatu na stensili na moto wa jikoni na uongo wa kikaoni, na kaka aliyejua, na wino wa kijani. Alipomaliza alikuwa anatweta.

Fundi akafuta mafuta vidoleni, kidole baada ya kidole.

"Kumbe uliuchoma," akasema. "Mimi nilidhani uliutupa."

"Ulikuwa unajua?"

"Mama, niliyeandika si ni mimi? Nisijue nilichoandika?" Akavuta kigoda, akamsogezea. "Nilikiona getini asubuhi ile, nikacheka peke yangu. Nikasema nitaenda kueleza. Kufika kikaoni, namwona pembeni ya meza msichana anaandika muhtasari, mikono inamtetemeka mpaka karatasi inasikika. Nikaelewa. Nikajiambia mimi nina ufundi wangu, nitakula popote. Huyu wakimshika hawamwachi. Basi nikasema langu."

"Hukunijua hata jina."

"Sikukujua. Na kaka yako anauliza tena, anauliza tena. Nikaona huyu Ofisi ananikejeli mbele za watu. Ndiyo sababu mara ya tatu nilijibu kwa kelele."

Bi Nukta akakaa kwenye kigoda. "Kwa hiyo hayo yote unayoyasema, chama lazima kife, huyaamini?"

"Nayaamini sana. Nikishasema neno ni langu, ikanibidi nilitafutie sababu. Mtu hawezi kufukuzwa kwa neno asiloweza kulitetea, ni aibu. Nikasoma miaka miwili natafuta kwa nini chama kife. Nikazipata sababu, tena nyingi kuliko nilivyotegemea. Lile la kifae nililiandika jioni moja tu, nikiwa na njaa."

"Miaka thelathini na moja," alisema Bi Nukta, na sasa alikuwa amekasirika. "Unaniona naumia, husemi."

"Nitajuaje unaumia? Nilidhani umesahau. Mtu akisahau, ya nini kumkumbusha?"

Bi Nukta alivua miwani. Akamweleza lililobaki: kwamba likiandikwa kifae, ambalo ndilo neno la kweli, kaka atafuta aya, na kidahizo, na kila kitu. Hapo Fundi akaacha kufuta vidole.

"Afute kabisa? Nisiwepo?"

"Anasema hutakuwa mfano tena."

Fundi aliigeukia ile cherehani. "Nataka niwemo," alisema, kwa sauti ya mtu anayeona haya kwa anachokitaka. "Nimeandika vijitabu kumi na viwili, na waliovisoma hawafiki mia. Mwanafunzi akifungua pale akaniona, hata kama ni fundi mmoja tu, hata kama natukanwa, nataka niwemo. Nitakuwa nimeishi na wazo langu, na mtu amelijibu."

"Lakini siyo ulichoandika."

"Ndicho nilichosema. Nilikisema kwa mdomo wangu, nimesimama, mara tatu. Wewe ulisahau herufi, mama. Mimi sikusahau kitu." Akashika bisibisi, akaiweka tena. "Aje aniulize mwenyewe. Mwambie Ofisi aje hapa hapa."

Usiku ule na siku iliyofuata Bi Nukta alikuwa na jambo moja tu la kutafuna. Kwa miaka yote alikuwa akiiogopa kweli, na sasa alipokuwa tayari kuisema, ile kweli ingemsafisha yeye na kumfuta mumewe. Akitia kifae, angelala usingizi kwa mara ya kwanza. Akiacha kife, angetia sahihi kwamba hakuna kosa, juu ya kosa analolijua kuliko mtu yeyote duniani. Alimpigia simu kaka yake Ijumaa jioni, akamwambia aje amuulize Fundi mwenyewe. Mstari akauliza chakula cha mchana kinaliwa saa ngapi.

Jumamosi alifika saa saba kamili, amevaa koti, faili kwapani. Alisimama kizingitini.

"Nimekuja kikazi," alisema.

"Karibu, shemeji," alisema Fundi, aliyekuwa ameshakaa mezani kwa sababu goti lilikuwa linamsumbua.

Mstari aliingia lakini hakukaa. Akafungua faili, akautoa ukurasa. "Msahihishaji ameleta pingamizi juu ya mstari wa tisa. Nahitaji kauli yako. Kifae au kife?"

"Kife."

"Una hakika?"

"Sasa hivi ninayo. Siku ile sikuwa nayo."

Mstari akaandika kitu pembeni kwa wino wa kijani, akapuliza kikauke, akampa mdogo wake ukurasa. Kisha akamgeukia shemeji yake.

"Basi bado umefukuzwa."

"Bado," alikubali Fundi. "Kaa, chakula kinapoa."

Mstari akavua koti, akakaa. Wakala mpaka sahani zilipofika nusu. Ndipo Mstari, bila kuinua macho, akauliza wiki ya kumi na tatu, chama kikishakufa, nyuzi zingeletwa na nani. Stoo ilikuwa imebaki na nyuzi za siku nne.

"Siku tisa," alisema Fundi.

"Ripoti inasema nne."

"Ripoti iliandikwa na mwenye mkoba. Mimi niliingia stoo kwa miguu yangu. Na kiwanda cha jirani nacho kilikuwa na baraza lake, tayari walishakubali kutupa nyuzi tuwape vipuri."

"Kwa barua?"

"Kwa mdomo."

"Kwa mdomo," alirudia Mstari, kama daktari aliyeona alichokuwa akikitafuta. "Hapo ndipo mnapokwama siku zote. Viwanda viwili mtakubaliana kwa mdomo. Viwanda mia mbili je? Nani ataona vyote kwa pamoja?"

"Na anayeviona vyote kwa pamoja, yeye nani atamwona?"

Mstari akaongeza mboga. Bi Nukta aliwatazama. Walikuwa wameinama mbele wote wawili, viwiko mezani, wazee wawili waliosimamisha mishipa ya shingo kwa ubishi, na kwa kweli walikuwa na raha. Mbele yake kulikuwa na ule ukurasa na karatasi ya mwisho ya prufu. Akachukua kalamu. Chini ya maneno "Nimesoma. Hakuna kosa" akatia sahihi yake. Kisha akaiweka kalamu juu ya meza kwa kishindo.

"Na mimi je?"

Wakainua vichwa. "Wewe nini?" aliuliza Mstari.

"Mimi ndiye niliyekosea. Mimi ndiye niliyechoma karatasi, nikasimama nikasema uongo. Mmoja kapoteza kazi, mmoja kapoteza dada na shemeji, kila mtu ananificha kivyake, na mimi najificha kivyangu. Hakuna hata mmoja wenu wa kunikasirikia?"

Wale wanaume wawili wakatazamana. Katika miaka thelathini na moja, hilo lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana.

"Tunajua," alisema Mstari.

"Tunajua, mama," alisema Fundi. "Hebu nisogezee chumvi."

Bi Nukta akaisogeza chumvi, machozi yakimtiririka mbele yao wote wawili, nao wakarudi kwenye habari ya nyuzi.